Siti ya Pikapu Niliyosema Nimeipekua

Mwanangu Salima,

Salamu tumeshapeana asubuhi ulipokuwa unaelekea Msasani kumuaga shangazi yako, na kesho tutaagana tena stesheni mbele za watu, kwa hiyo hapa sitazirudia. Nimefunga kibanda mapema. Nimekaa juu ya siti ya teksi ya mteja niliyomaliza kuishona leo, daftari nimeliweka mapajani, na nataka niandike mpaka nimalize kabla hujarudi.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Chandarua, maji ya kunywa, kutoshuka shuka kwenye treni kila stesheni, nani umtafute ukifika, yote nimemsikia akikuambia, mengine mara tatu. Siongezi kitu hapo. Mie nataka kujibu swali lako.

Wiki iliyopita ulisimama hapa mlangoni ukaniona nasukuma gari la mteja kwa mikono ili niliingize kivulini. Ukasema, "Baba, si uliwahi kuwa dereva wewe? Mbona huliwashi ukaliingiza?" Nikakujibu kwamba macho yangu hayana nguvu siku hizi. Ukaamini, maana hujawahi kuona sababu ya kutoniamini. Salima, macho yangu ni mazima. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani na wewe unaniona kila siku. Nilikudanganya, na nilikudanganya kwa sababu jibu la kweli ni refu na halinipendezi. Sasa unakwenda kufanya kazi ya watu, utakabidhiwa stoo ya dawa na funguo zake, nami naona vibaya uondoke na lile jibu la macho.

Kuendesha nilijifunza Lindi, kwenye shamba la mkonge la Mzungu, kabla ya uhuru. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili na leseni mfukoni, na wakati huo leseni ilikuwa kitu. Nikaja Dar es Salaam, nikaendesha malori ya mchanga, nikamwoa mama yako. Baadaye tukasikia kuna watu wanafungua kijiji cha ujamaa huko ndani, nyuma ya Chamazi, wanahitaji dereva. Tukaenda. Hatukulazimishwa na mtu. Niliamini mambo yale, na hata leo siwezi kuyacheka kama wanavyoyacheka wengine. Tulilima mihogo na mananasi, tukajenga darasa la kwanza la shule kwa mikono yetu, na kijiji kikapata pikapu moja kuukuu, rangi ya kijani. Dereva wake nikawa mie.

Katibu wa kijiji alikuwa Bwana Issa, Mzaramo wa palepale, kaburi la babu yake unaweza kulifikia kwa miguu. Alikuwa na umri wangu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka watu walimpelekea barua za posa awaandikie. Kila wiki mie na yeye tulipanda pikapu kwenda mjini na makaratasi ya kijiji, yeye kakumbatia mkoba wake, mie nimeshika usukani, tunaongea njia nzima. Sijapata rafiki mwingine wa namna ile.

Siti ya pikapu ilikuwa imechanika upande wa abiria. Kava lilikuwa limekauka na kupasuka kutoka mgongoni hadi ukingoni, makumbi ya nazi yanachungulia, na springi moja imekatika imeelekeza ncha juu. Issa alichanikiwa suruali mbili pale.

"Rashidi," aliniambia siku moja huku akijishika nyuma, "hii siti itaniacha uchi. Watu watasema katibu wa kijiji hana adabu."

Akaamua aishughulikie mwenyewe. Miaka ile huwezi kuingia dukani ukanunua unachotaka. Kitambaa kizito cha plastiki, hiki tunachokiita rekzini, kilikuwa kinatoka kwa kibali. Issa aliandika barua, akaenda mjini mara tatu, akakaa kwenye mabenchi ya maofisini, mpaka akapata kipande cha kutosha siti moja. Rangi ya kahawia. Akanikabidhi mkononi. "Peleka kwa fundi," akasema, "kabla haijaniharibia suruali ya tatu."

Wiki hiyohiyo wewe ukaugua kichomi.

Ulikuwa na miezi saba. Mvua za masika zilikuwa zimechachamaa na paa la makuti la nyumba yetu lilikuwa linavuja pale penye kitanda. Godoro lilikuwa la majani, likilowa halikauki. Mama yako alikuwa akikupakata usiku kucha kwa sababu hapakuwa na mahali pakavu pa kukulaza, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuumwa. Nilikuwa na rekzini ile nyumbani, imekunjwa, inasubiri nipate siku ya kwenda kwa fundi. Nikaikata. Nusu nikaitundika juu ya kitanda kama hema, nusu mama yako akaishona kwa mkono ikawa kava la godoro. Aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia imebaki kwa fundi, wamenipa. Ukalala pakavu. Baada ya wiki mbili ukapona.

Nataka unielewe vizuri hapa. Ukiniuliza kama ningekuacha ulale kwenye maji ili siti ya gari ishonwe, jibu ni hapana, na ningekata tena. Kosa langu halikuanzia hapo. Lilianza kesho yake asubuhi, Issa aliponiuliza, "Fundi kasemaje?" nami nikamjibu, "Ana kazi nyingi, kasema tungoje." Ningeweza kumwambia mtoto anaumwa, nyumba inavuja, nimeitumia. Namjua yule mtu. Angeniuliza mtoto anaendeleaje, kisha angekwenda mjini mara ya nne. Lakini niliona aibu, na ile aibu nikaifunika kwa neno dogo. Juu ya siti nikatandika gunia.

Kama mwezi mmoja baadaye tulikwenda mjini na makaratasi, na siku hiyo Issa alikuwa amebeba muhuri wa kijiji kwa sababu kulikuwa na barua za kugongwa hukohuko. Wewe umekulia mjini, hujui muhuri wa kijiji ulikuwa kitu gani. Ndio uliokuwa unamruhusu mtu kusafirisha korosho zake. Ndio uliokuwa unampa mtu sukari na khanga kwenye duka la ushirika. Ukiwa na muhuri na karatasi tupu, unaweza kuandika chochote. Issa alikuwa akiufunga kwenye leso na kuuweka ndani ya mkoba. Mkoba ule nao kifungo chake kilikuwa hakishiki sawasawa.

Tulirudi tukiwa tumechoka, barabara imejaa matope. Kesho yake muhuri haukuonekana.

Issa alipekua ofisi, akapekua nyumba yake, akamwaga mkoba mara sijui ngapi. Akanijia mbio. "Rashidi, tazama kwenye gari." Nikatazama. Yaani nilifungua mlango, nikainama, nikapitisha macho sakafuni. Siti sikuigusa. Nilijua nikiitoa siti ile nje, mtu yeyote anayepita ataona gunia na ufa ulio chini yake, na atauliza ile rekzini ya katibu iko wapi. Nikafunga mlango nikamwambia, "Hamna kitu."

Siku tatu baadaye kikaitishwa kikao, ndani ya lile darasa tulilojenga. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Tayari maneno yalikuwa yamezagaa. Mmoja aliwahi kumwona Issa anaongea na mfanyabiashara fulani huko mjini. Mwingine akakumbuka kwamba Issa ana baiskeli mpya. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na hofu, kwa sababu wilayani wangemuuliza yeye. Akanisimamisha.

"Dereva, wewe ndiye uliyemchukua. Gari umelipekua?"

"Nimelipekua, Mwenyekiti."

"Lote?"

"Lote."

"Na siti?"

Issa alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kidawati cha watoto, magoti yamemfika kifuani. Akageuka akanitazama. Alikuwa na matumaini usoni, Salima. Alikuwa ananitegemea mie niseme labda tukatazame tena.

"Na siti nimeipekua," nikasema.

Basi. Garini haumo, ofisini haumo, nyumbani haumo, maana yake umeuzwa. Walimvua ukatibu palepale, wakampa siku saba awe ameondoka. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana kwa sauti. Alisimama akasema, "Mie sijauza muhuri," akatoka. Watu wakampisha njia kama wanavyompisha mgonjwa.

Aliondoka na mkewe na begi moja. Mkewe baadaye alirudi kwao Kisarawe, na hawakurudiana.

Mama yake akabaki. Bibi Somoe. Alikuwa mjane, na shamba lake la minazi lilikuwa hapo, aende wapi? Watu hawakumfukuza, ila walianza kumpita. Akipeleka nazi dukani wanazipokea bila kuzungumza naye. Kwenye shughuli za harusi, pale wanawake wanapogawana kazi, jina lake likawa halitajwi.

Siku moja alinikuta naosha pikapu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akasimama kidogo, kisha akasema taratibu kabisa, "Rashidi mwanangu, najua ulishatazama. Lakini kitu kidogo kile, kinaweza kujificha. Hebu nitazamie tena."

Nikamjibu, "Nilitazama mama, wallahi hamna."

Wallahi. Nimeandika neno hili nikaacha kalamu nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi. Uongo wa kwenye kikao niliusema mbele ya watu mia na hofu ilikuwa imenishika, nikitaka kujitetea naweza. Huu wa pili tulikuwa wawili tu, mie na mwanamke mtu mzima, na ndoo ya maji. Wakati ule mwenyewe nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba huenda kweli muhuri haumo. Ukikaa na uongo muda mrefu unafika mahali hujui tena kama unadanganya. Lakini kuna jambo moja nililijua wazi, nalo ni kwamba sikuwa nimetazama.

Bibi Somoe alifariki mwaka uliofuata. Jeneza lake nililibeba mie kwenye pikapu ileile kulipeleka makaburini. Issa alikuja kumzika mama yake. Nilimfungulia mlango wa mbele nikamwambia, "Kaa hapa." Akatikisa kichwa, akapanda nyuma, akaketi kwenye bodi akishika jeneza lisicheze. Kwenye kioo nilikuwa naona mkono wake tu. Baada ya maziko hakula, akaondoka kwa miguu.

Ilipita tena miezi minne. Siti ya pikapu ikawa imekwisha kabisa, springi zimelala, na Mwenyekiti mpya akasema gari la kijiji haliwezi kuwa na aibu ile. Akapata rekzini nyingine, nyeusi, na safari hii akaniandikia karatasi ya kuipeleka kwa fundi na karatasi ya kuirudisha. Nikaja Temeke kwa fundi Damasi. Wewe Damasi unamjua kwa jina tu kwa sababu alirudi kwao Masasi ukiwa mdogo. Alikuwa mfupi, Mkristo, mpole, mikono imejaa makovu ya sindano ya magunia.

Tuliitoa siti tukaiweka juu ya meza yake. Akachana kava kuukuu kwa kisu, akaanza kuchomoa makumbi kwa mafungu na kuyatupa pembeni. Mie nilikuwa nimesimama hapohapo nikipiga soga. Mkono wake ukasimama.

"Hiki nini?" akasema.

Kilikuwa leso. Ilikuwa imeingia chini kabisa, kati ya springi na chuma, ina alama ya kutu upande mmoja. Akaifungua. Muhuri ulikuwa mzima, na wino wake umekaukia kwenye mpira. Damasi hakusoma kilichoandikwa. Alinitazama usoni tu.

"Kitu chako?"

"Ni cha zamani," nikasema. Nikakichukua nikakitia mfukoni. Nilikaa juu ya yale makumbi mpaka alipomaliza kazi, na sikumbuki kama tuliongea.

Sasa nikuambie sehemu ambayo sijamwambia hata mama yako kwa urefu wake. Sikukimbia kijijini na ule muhuri juu juu. Niliuficha. Niliuweka kwenye kopo la misumari, na kopo nikaliweka juu ya dari, na nikakaa nao miezi miwili. Pikapu ilikuwa na siti mpya nzuri, watu wakipanda wanaisifia. Katibu mpya alikuwa akikaa pale na mkoba wake. Nilijiambia kwamba Bibi Somoe ameshakufa, Issa ameshapata maisha mengine, nikisema sasa namsaidia nani? Nilijiambia nina mke na mtoto. Kila sababu niliyojipa ilikuwa ya kweli, na bado nilikuwa silali.

Kila nikipita Temeke nilikuwa napitia kwa Damasi, sijui kwa nini. Siku moja akaniambia, huku akiendelea kushona, "Kile kitu mie sitaki kujua ni nini. Lakini tangu siku ile ukija hapa unaniangalia miguuni. Nenda kamalize."

Nikauliza uliza Issa yuko wapi. Nikaambiwa yuko Madale, juu kule kwenye vilima, analinda shamba la mtu. Nikaenda siku ya kazi, na pikapu ya kijiji, bila ruhusa. Nilimkuta anafyeka kando ya njia. Alikuwa amekonda, mvi zimeanza. Aliponiona aliacha kufyeka lakini panga hakuliweka chini.

Hatukusalimiana. Nilitoa leso nikampa. Akaitambua kabla hajaifungua.

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya siti. Fundi kaitoa."

Akaifungua, akautazama muhuri. Kisha akaniuliza, "Siku ile, ulitafuta?"

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, kuhusu ufa ulivyokuwa mrefu, kuhusu makumbi, kuhusu bahati. Yote yakapotea. "Sikutafuta," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mvua, kichomi, rekzini, gunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anipige, na panga lilikuwa mkononi. Aliuliza jambo moja tu: "Mtoto alipona?" Nikasema alipona. Akatikisa kichwa, akakaa chini kwenye majani aliyoyafyeka, akalia. Hakulia kwa sauti. Nilikaa nami, mbali kidogo.

Aliponyanyuka alinirudishia muhuri. "Kaupeleke kwenye kikao," akasema. "Na useme yote. Ukienda kusema siti ilikuwa na tundu, watasema bahati mbaya, wataniandikia barua ya pole. Mie sitaki bahati mbaya. Mama yangu hakufa kwa bahati mbaya ya siti. Useme hukutafuta, na useme kwa nini."

"Twende pamoja," nikamwambia.

"Mie siendi. Mie pale nilishasema langu."

Nilisema, Salima. Darasa lilelile, watu walewale. Mwalimu akaniletea kiti, nikakikataa. Nilisema kuhusu rekzini, na kuhusu kikao, na kuhusu Bibi Somoe na ndoo ya maji. Mzee mmoja akauliza, kama vile hakusikia vizuri, "Kwa kitambaa tu?" Nikamwambia ndiyo, kwa kitambaa tu. Nadhani wengi walikuwa wanajihesabu wao wenyewe, nani alimpita Bibi Somoe njiani na nani alisema habari ya baiskeli.

Nikaweka funguo za pikapu mezani. Hawakunirudishia, na sikutegemea wanirudishie. Kijiji kilimwandikia Issa barua ya kumsafisha, iliyosomwa mbele ya wote, na ya kumwomba arudi kwenye nafasi yake. Barua aliipokea. Kurudi hakurudi.

Mama yako alikuwa kikaoni, wewe ukiwa umelala mgongoni kwake. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia rekzini ile ilitoka wapi. Kwa muda wa mwezi mzima alizungumza nami mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, mtoto ameamka. Siku aliyoamua kusema, alisema, "Ungeniambia, ningekwenda mie kwa Issa. Mie nisingeona haya."

Tulihama kijiji kwa hiari yetu, kwa sababu watu walikuwa wananipisha njia. Tukaja hapa Temeke. Damasi alinichukua nijifunze kwake, mtu mzima na ndevu zangu, na alinifundisha kazi hii bila kuwahi kuuliza mwisho wa habari ya leso. Kuendesha sikukatazwa na mtu. Leseni iliisha muda nikaiacha. Mwanzoni nilidhani najiadhibu. Sasa nadhani yalikuwa mazoea tu, na labda kiburi kidogo cha kutaka kujiona nimelipa kitu. Sijalipa. Kwa Bibi Somoe hakuna namna ya kulipa.

Sitakuambia uwe mwaminifu. Wewe ni mwaminifu kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wako, na mimi pia nilikuwa mwaminifu, kila mtu kijijini angekuambia hivyo. Nakuambia tu ilivyotokea, kwa sababu mie sikuona mahali ambapo ningeweza kusema leo naanza kufanya ubaya. Kulikuwa na mtoto mgonjwa, kisha aibu kidogo, kisha swali lililokuja ghafla mbele za watu. Huko uendako siku moja mtu atakuuliza kama umetazama kwenye rafu, na utakuwa hujatazama, na pengine kutakuwa na sababu yako mwenyewe ya kutotaka kutazama. Sema hujatazama. Watakukasirikia asubuhi moja. Kisha nenda ukatazame.

Nimefikiri sana kama nikuambie habari ya kile kitanda, maana najua utajiuliza umehusika vipi. Hukuhusika. Ulikuwa mtoto, ulikuwa unakohoa. Nimekuambia kwa sababu bila hiyo habari haina maana, na kwa sababu Issa alisema nisiseme nusu.

Bado jambo moja, ndipo nifunge, maana nasikia mama yako huko ndani anapanga vyombo na wewe hutachelewa.

Mwaka jana, wakati wa mfungo, nilikutana na Bwana Issa sokoni hapa Temeke. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Madale. Ana mke mwingine sasa, na ana duka dogo la vifaa vya baiskeli. Alinitangulia kunisalimia. Tulisimama kama watu wanaofahamiana kwa mbali, tukaulizana habari za nyumbani. Nikamwambia binti yangu amemaliza kidato cha nne, sasa anasoma kozi ya utunzaji wa stoo.

"Yule mtoto?" akasema.

"Ndiye."

Akawa kama anapiga hesabu ya miaka, kisha akacheka kidogo, si vibaya. Akasema, "Mwambie namsalimu."

Nilifika nyumbani nikakukuta unapika uji wa futari, na sikukufikishia. Ningekufikishia ungeniuliza Bwana Issa ni nani. Nimezishika salamu za mtu mwaka mzima, na zilikuwa za kwako.

Salima, Bwana Issa anakusalimu.

Mimi baba yako,
Rashidi